Uzi wa Kijani Begani

Batata na bamama, niruhusuni niseme nikiwa nimesimama, maana nikikaa nitanyamaza katikati. Majina ya watu sitayataja. La kwangu mnalijua.

Mi nilikuwa polisi hapa Kolwezi. Serikali ilinipa nguo moja tu ya kazi, na mshahara ulipitia mikono mingi kabla ya kunifikia; kuna miezi haukufika kabisa. Nguo ilipochanika begani, mama yangu kule Kapata aliishona kwa uzi wa kijani, kwa sababu wa buluu ulikuwa umemwishia. Nilinung'unika. Akacheka, akasema sasa atanitambua hata nikiwa mbali.

Bandugu zangu, njaa ina maneno matamu. Mtu mmoja aliniomba niwe nampa nguo ile siku zangu za mapumziko. Nilijua ni ya nini. Kundi lake lilikuwa likisimamisha na kupora pikipiki zenye mifuko ya madini kwenye barabara ya Mutoshi, na mchimbaji akiona nguo ya polisi anashuka, habishani. Mi nilibaki nyumbani Dilala na singleti, nikingoja fungu langu.

Hapo ndipo ndoto ilipoanza. Naiona nguo yangu inatembea peke yake kwenye vumbi jekundu, haina kichwa wala mikono, polepole kama mtu anayetoka misa. Inapita mbele ya nyumba za zamani za kampuni ya madini, watu wanaisalimu, nayo inaitikia kwa sauti yangu. Naikimbilia, miguu haisogei. Nikiamka, hata mchana wenyewe ulionekana kama ndoto inaendelea.

Kisha mambo ya polisi yakaanza kubadilishwa. Mshahara ukawa unakuja moja kwa moja benki. Ikafunguliwa ofisi ya kupokea malalamiko, hata ya polisi juu ya wakubwa wake. Nawaambia kweli: njaa iliisha, na nguo bado niliitoa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku moja adhuhuri kundi lile likaenda Kapata, kwa mama. Mpangaji wake, mchimbaji, alikuwa ameweka mifuko yake chumba cha nyuma. Wakabisha hodi. Mama akachungulia, akafungua. Walimsukuma, akavunjika mkono wa kulia, ule wa kushonea.

Nilipofika nilimkuta analia, nikadhani ni maumivu. Akanipapasa usoni muda mrefu, kisha akasema:

"Nilionaka uzi yangu ku bega. Nikasema ni weye, njo nilifungula. Kuona ule mutu, nikajua bamekuua, bamekuvua nguo."

Hakuwa akiulilia mkono, bandugu. Alikuwa akinililia mimi. Akauliza kama walininyang'anya. Neno moja tu la kukubali lingeniokoa. Chumba kilikuwa kimejaa mwanga, nami nikaiona ile nguo ya ndotoni imesimama pembeni, inangoja nijibu.

"Hapana, mama. Ni mi mwenyewe nilibapatia."

Akageuza uso ukutani. Kesho yake nilienda kwenye ofisi ile mpya, nikasema yote. Kundi likakamatwa. Nami nilifungwa, nikafukuzwa kazi, na nilistahili.

Namshukuru mama wa ofisi ile, aliyeandika maneno yangu bila kunidharau. Nawashukuru ninyi mlioniletea bukari nile gerezani, na yule mpangaji aliyekubali kunipa mkono. Tuidai serikali iwalipe polisi na kuwavika vizuri, tusichoke. Lakini nguo haina moyo. Moyo ni wa aliyeivaa, na wa aliyeitoa.

Sasa natengeneza pikipiki hapa Dilala. Ndoto bado inanijia mara moja moja, ila ile nguo haina tena sauti yangu. Jumapili nakwenda Kapata. Nikibisha, mama hachungulii bega. Anasema kutoka ndani: "Sema kwanza."

Nasema ni mi, mama. Anaisikiliza sauti yangu. Kisha anafungua, kwa mkono wa kushoto.