Mama Pasi Hakufa kwa Kiburi

Waombolezaji, ndugu, majirani, na wakubwa mliowahi viti vya kivulini, familia imempa mpwa wa marehemu kazi ya kusoma historia hii, si kwa elimu, maana shule aliiacha darasa la sita na shule haikumtafuta, bali kwa kuwa ukoo mzima hakuna mwenye sauti kama yake, na anayebisha asimame tumsikie.

Marehemu, tuliyemwita Mama Pasi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa tatu kati ya watano, katika chumba cha kupanga nyuma ya ghala la mbao, akamaliza darasa la saba mwaka 1978, akafaulu, ila ada ilitosha mtu mmoja, nafasi ikaenda kwa kaka yake, baba wa msomaji huyu, ambaye amekaa pale mbele na anajua mwenyewe alivyoitumia.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika kiwanda kinachofua mashuka ya mahoteli, akapangiwa chumba cha pasi, ambacho madirisha yake hayafunguliwi ili vumbi lisiguse vitu vyeupe, akasimama humo miaka thelathini na minane akivuta mvuke na dawa ya madoa, na shuka likitoka mikononi mwake lilikuwa limenyooka hata nzi akitua anateleza.

Tarehe 14 Septemba 1985 alifunga ndoa na fundi baiskeli wa mtaa wa pili, aliyekuja kuposa na shati lililojikunja, marehemu akamwambia avue kwanza lipigwe pasi ndipo maongezi yaendelee, wakajaliwa watoto watatu, mume akatangulia mbele ya haki tarehe 20 Julai 2004.

Mwezi Aprili 2011 mafuriko yalipoingia mtaani, mwenye kiwanda aliwaletea magodoro wafanyakazi wake mwenyewe, akaja na mpiga picha, kila mama akaambiwa ashike godoro, ainamishe kichwa, asicheke sana kwa kuwa anasaidiwa, na wiki iliyofuata uso wa marehemu ukapanda kwenye bango la njia panda, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yake, ikawa binti yake wa mwisho anazungukia dampo kwenda shule ili asimkute mama yake ananing'inia pale akiomba. Marehemu alikwenda ofisini kutaka literemshwe, akaambiwa mama, bango ni mali ya kampuni, akajibu kwamba bango lenu, uso wangu, na mshahara ungekuwa mshahara godoro ningejinunulia bila kupozi. Bango lilikaa miaka mitatu, na tangu hapo hakuna aliyempa msaada kwa kamera akapokelewa.

Alianza kukohoa Novemba 2020, akaachishwa kazi tarehe 26 Februari 2021 kwa sababu eti anakoholea mashuka, daktari akasema ni mapafu, na ndipo kiwanda kikajitolea kumpeleka hospitali kubwa, kwa sharti la video fupi kitandani, mkurugenzi akiwa amemshika mkono. Marehemu aliuliza mkono upi, huu wa kupigia pasi au ule mwingine, kisha akageukia ukutani. Tulimsihi, Shangazi, ni dakika mbili tu, funga macho, akasema ugonjwa ameupata kazini, matibabu ni haki yake, na yeye haki yake haigizi. Alifariki dunia tarehe 19 Mei 2022, saa kumi alasiri, katika hospitali ya umma, wodi namba nne.

Sasa, tangu juzi kuna maneno yanapita hapa msibani, mengine ya ndugu wa damu, kwamba ameuawa na kiburi. Familia inasema hadharani, hakufa kwa kiburi, alikufa kwa mapafu, na mapafu hayo tunajua yaliharibikia chumba gani, na aliyekuwa na uwezo wa kumtibu alikuwa nao hata kamera ikiwa imezimwa. Anayetaka kumsema marehemu aanzie hapo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, waliomhudumia kwa kidogo walichokuwa nacho, majirani wote, hasa muuza mboga aliyempikia uji, na dereva wa bajaji aliyesema kila mara mafuta yapo huku tukiisukuma, na wafanyakazi wenzake wa chumba cha pasi, waliokatwa mshahara wa siku ya leo ili wafike, ambao wamekubaliana kwamba kuanzia Jumatatu watafanya kazi madirisha yakiwa wazi, vumbi litajijua.

Tunamshukuru pia mkurugenzi kwa kufika, na tunamjulisha kwamba ile nafasi aliyoomba ya kukabidhi rambirambi mbele ya kamera haimo kwenye ratiba, kwa hiyo mpiga picha afunge begi lake. Lakini hatutaki aondoke akisema tumekataa msaada, upande wa kushoto wa jeneza limepungua bega moja, na njia ya makaburini ni ya kupanda. Avue koti, tunamsubiri.

Shangazi, pumzika kwa amani.