Kofia ya Kapteni Siune

Kapteni Siune Kaupa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1974 karibu na mji wetu wa Kundiawa, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Kaupa na Mama Wemin. Alitembea akiwa na miezi tisa, na mama yake anasema hakukaa chini tena. Hata viazi alivila amesimama mlangoni.

Alisoma hapahapa hadi darasa la kumi, mwaka 1990, kisha akapima kahawa kwa mnunuzi mmoja. Mwaka 1999 alihitimu urubani ng'ambo, katika mji wa Cairns.

Kwa miaka kumi na sita alirusha helikopta ya wagonjwa, na mizani ya kahawa hakuiacha. Shangazi Dirua, akimsindikiza mgonjwa, alimfokea mbele ya kijiji kizima: "We Siune, unanipima kama gunia?"

"Gunia halina mdomo, shangazi. Panda!"

Uzito ukizidi, mmoja alibaki, na Siune alimwachia kofia yake. "Nitaifuata mwenyewe," alisema. Aliifuata kila mara.

Mwaka 2003 alimuoa Roslyn, muuguzi kutoka mji wa Lae. Siku ya harusi aliitwa kumfuata mjamzito, akaondoka kabla nguruwe wa karamu hajatolewa kwenye shimo la kuokea. Bibi harusi alibaki na kofia.

Ugonjwa hakuwa nao. Jumanne, 12 Machi 2019, alimchukua kutoka kijiji cha mbali mama aitwaye Moro, aliyetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, pamoja na kichanga chake. Mume wa Moro, Gande, alibaki kijijini na kofia. Hospitalini wakataka ndugu wa kumtolea mgonjwa damu. Ukungu ulikuwa unashuka.

"Kapteni, subiri kesho," muuguzi mmoja alimwambia.

"Kesho atakuwa hai?" akajibu, akaenda kumleta Gande.

Inauma kuyasoma haya: wauguzi walijitolea damu, Roslyn akiwa wa kwanza, na Moro akapona. Siune alikuwa amesharuka. Saa tisa alasiri helikopta iligonga mlima. Alikuwa peke yake.

Gande alitembea siku mbili kuja hapa. Jana aliingia msibani amejipaka udongo wa maombolezo, kofia mikononi. Vijana wetu wakainuka. "Kaka yetu amekufa kwa ajili yako!"

"Najua," alisema Gande. "Nipigeni, lakini kwanza ipokeeni."

Mama Wemin akapita katikati yao, akaichukua kofia, akamvika Gande. "Kaeni chini," aliwaambia. "Huyu ndiye ambaye Siune alikwenda kumleta. Amefika."

Marehemu ameacha mama, mjane Roslyn, watoto Bomai na Kuri, dada yake anayesoma maneno haya na, tangu jana, ndugu mmoja zaidi, Gande.

Siune, kofia imerudi. Hakuna aliyebaki mlimani. Sasa kaa chini, kaka, upumzike.