Jemu ya Mtu Tusiyemjua

Kijiwe chetu ni benchi moja refu kati ya kinyozi na fundi cherehani, na kahawa ya Shangazi ndiyo inayotusahaulisha kazi. Leo mchana Kompyuta, jirani yetu anayeandika programu, alikuja na uso wa mtu aliyeponea chupuchupu. Yeye ndiye anayetunza programu ya hospitali inayopanga zamu za mashine ya kusafisha damu, na mama mkwe wake ni mmoja wa wagonjwa. Jana jioni alisasisha kila kitu kwa mkupuo, kosa analowakanya wenzake kila siku, programu ikagoma kuwaka.

— Nani kakuokoa? akauliza Profesa, kinyozi wetu, aliyeacha shule lakini hakuacha maoni.

— Mtu nisiyemjua.

Akatueleza taratibu. Programu yake imeandikwa kwa lugha ya Ruby, na huko hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Kuna vipande vya kazi vilivyokwisha kuandikwa na wengine, vinaitwa jemu. Unataja jina la jemu ndani ya programu yako, nayo inakuja kukufanyia kazi, bure. Iliyomkorofisha jana ni ile ya kupanga zamu. Akamwandikia mwenye nayo, na kabla chakula hakijapoa jibu likaja: kosa ni langu, nimelirekebisha, chukua toleo jipya, na wape wagonjwa pole.

Sindano, fundi cherehani, akaweka kikombe chini.

— Bure? Mimi hata kifungo sishoni bure. Huyo ana lake jambo.

— Jambo gani?

— Anakusikiliza. Hiyo jemu ina masikio.

— Kila mstari uko wazi, Sindano. Nimeusoma mwenyewe.

— Huo ndio ujanja. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

— Inahusiana vipi?

— Inahusiana na samaki. Wewe kunywa kahawa.

Profesa akasema huyo lazima ni tajiri aliyedhulumu watu ujanani, sasa anatubu kwa kompyuta. Shangazi akaona mkewe kamnunia, jioni hana pa kukaa. Sindano hakukubali kupitwa. Kwa maoni yake mtu huyo alikufa zamani, ila mashine ndiyo inayomjibia.

— Ndiyo maana anajibu haraka, Profesa akamuunga mkono. Mfa maji haachi kutapatapa.

Kompyuta alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akafuta benchi.

— Semeni mtakavyo. Mimi jana nilikaribia kulia. Namshukuru yule mtu, basi. Ila mwisho wa jibu lake kaandika kwamba amechoka. Miaka yote anaitunza jemu ile peke yake. Anatafuta wa kumpokea mzigo huo, asipopatikana anaiacha.

Hapo benchi zima likageuka upande wake. Sindano, yule yule wa masikio, akasema haki ya mtu huyo isipotee. Profesa akataka apewe nishani. Shangazi akasema aje hapa apumzike, kahawa bure. Na nasema kweli, tulimwonea huruma kama ndugu yetu.

Tukiwa hapo, akafika mama mkwe, anatoka hospitali, plasta mkononi, anatembea polepole lakini kapata rangi. Kompyuta aliruka kama kakalia moto.

— Shikamoo mama.

— Marahaba mwanangu. Kaa.

Tulisogeana, akakaa, tukamsimulia yote, kila mtu na sifa zake. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Kwa hiyo huyo ndiye aliyefanya niitwe kwenye mashine leo?

— Ndiye, mama.

— Mungu amzidishie. Na kasema amechoka.

— Kasema.

— Sasa ninyi mnaomsifu hivi, nani amemwambia atampokea?

Profesa akaangalia mkasi wake. Sindano akakumbuka kuna suruali ya mteja, lakini hakuinuka. Shangazi akainamisha birika, halikutoa kitu.

Kompyuta akavuta begi lake, akaiweka kompyuta mapajani, akaifungua. Vidole vikakaa juu ya vitufe bila kuandika.

— Nianzeje, mama?

— Mwambie pole na kazi. Halafu muulize mzigo uushike upande gani.