Fidia ya Treni Isiyokuja

Sogeeni, wanangu. Dishon, Chrispine, na wewe Lorine, usijibanze huko nyuma kama mgeni. Keti hapa kitandani. Kezia wa kanisani nimemwita asikie, ili kesho mtu asiseme mama alikuwa akiweweseka kwa homa.

Tangu wapimaji wapige vigingi kutoka kwenye miwa ya jirani hadi katikati ya boma hili, wakisema huenda treni ya mwendo kasi ikapita hapa, reli sijaiona. Nilichoona ni nyinyi kuacha kula pamoja. Mlisikia neno fidia, dada yenu Lorine akawa mtu aliyezidi. Aliporudi kwangu na watoto, mgongo umevimba kwa fimbo za mumewe, ni nyinyi mliomjengea nyumba. Na ni nyinyi mlioibomoa, mvua ikinyesha. Dishon, ulisema, "Msichana aliyeolewa hana boma hapa." Chrispine, ulishika ngazi ukanyamaza. Lorine hakulia, aliuliza tu, "Kaka, hawa niwalaze wapi?" Mtoto wake mdogo akashikwa na kifua wiki ileile, tukamzika nyuma ya jikoni. Sitasema mlimuua, lakini msiniombe niseme hamkumuua.

Basi sikilizeni. Shamba la juu, lenye miwa, ni la Dishon. La kando ya mto ni la Chrispine. Hapa katikati, penye vigingi na kaburi la yule mtoto, ni pa Lorine, na chifu nimemwambia mbele ya wazee. Treni ikija, fidia ya hapa ni yake, na ni yeye atakayesema mwanawe ahamishiwe wapi. Isipokuja, alime.

Mimi mtanizika kando ya baba yenu, lakini si kabla nyumba ya Lorine haijaezekwa. Nilazeni mochari kule Migori hata mwezi, sina haraka. Atakayenizika kabla ya hapo amezika mtu mwingine.

Maji... Asante, Kezia.

Mungu awalinde. Awape watoto wasioogopana... Lorine, nimekubariki. Chrispine, nimekubariki, jifunze kusema. Dishon, mbona umesimama mlangoni? Njoo. Mkono siwezi kuuinua... uchukue mwenyewe, uuweke kichwani pako. Hivyo. Usiuachilie kwanza.