Jezi Nzito ya Lorne Petryshyn

Lorne Petryshyn ameitumikia klabu yetu ya Saskatoon miaka kumi na mmoja, na tarehe 30 Novemba anastaafu. Mpira wetu wa Kanada hubebwa mikononi, naye ameukumbatia akakimbia nao yadi elfu saba na mia nne. Meno yake mawili ninayo mimi, kwenye kopo la vifungo. Wenye jarida la klabu wamesema niandike kistaarabu, mimi mfuaji na mshonaji wa jezi. Nitajaribu.

Alikuja ana miaka ishirini na mbili, mtoto wa wakulima wa ngano. Enzi hizo nafasi ya kukimbia na mpira walipewa Wamarekani. Mzaliwa wa Kanada kazi yake kuwasafishia njia, kama trekta. "Huyu wa kwetu ataweza wapi?" wakasema makocha. Mechi ya tatu Mmarekani akaumia, Lorne akaingia, hakutoka tena. Makocha hao mpaka leo hawajaniomba radhi.

Sasa kosa langu. Jezi nzito ya Novemba, namba 27, ilikuwa ya Halvard Moen, mkimbiaji wa Kimarekani aliyekufa kwenye dhoruba ya theluji mwaka mmoja kabla Lorne hajaja. Kitambaa kizuri hakitupwi. Nikafumua MOEN, nikashona PETRYSHYN chini yake kidogo.

Mechi ya kwanza ya baridi kali, jasho lake likatoka kama moshi kwenye vitundu vya sindano ya zamani, likaganda. Uwanja mzima ukasoma MOEN, herufi nyeupe pe. Beki aliyekuwa akimfukuza akasita kama aliyekanyaga kaburi, Lorne akafunga. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliziba vitundu kwa uzi. Novemba iliyofuata jina likarudi. Nikataka kuichoma jezi.

"We Bibi Nettie, usiiguse! Hiyo ndiyo bahati yangu," akasema.

Mwaka huu kichwa chake kimegongwa uwanjani na ubongo kutikiswa mara tatu. Mwezi uliopita aliingia chumba cha kufulia, akacheka peke yake. "Bibi, unaikumbuka ile mechi ya matope, nilipovunjika kidole?"

"Kidole kipi?"

Akanionyesha kidole kizima. Aliyekivunja ni Moen, Lorne akiwa bado shule ya msingi. Nikamwuliza anaitwa nani. Akafikiri. Jina lake mwenyewe!

"Acha mpira, mwanangu."

"Msimu mmoja tu, Bibi."

"Msimu wa nani? Wako au wake? Na Joanne mkeo atalala na nani?"

Akabamiza mlango. Nami nikachukua mkasi, nikafumua jina lake, nikaitundika jezi mbichi nje kwenye barafu.

Asubuhi alipokuja kuidai, nilimwonyesha. Vitundu vya PETRYSHYN, vilivyofumuliwa jana tu, havikushika hata chembe ya theluji. Herufi nne za juu ziling'aa. Akazisoma kwa midomo, polepole. Kisha akaketi juu ya kapu la nguo chafu, akaomba simu.

"Joanne," akasema, "ni mimi. Lorne. Nakuja nyumbani."

Meneja, usiniulize jezi iko wapi. Hapewi mtu mwingine.

Asante, Lorne, kwa miaka yote uliyotupa, hata kwa soksi zile zilizonuka. Pirogi zako, zile za unga zilizojazwa viazi, nimeziweka kwenye gari lako. Nenda ukazeeke vizuri, kwa jina lako mwenyewe. Na ukisikia nyuma yako mtu anaita Moen, usigeuke.