Makaa ya Kuzika

Mbele yangu kwenye foleni ya mabasi ya mwendokasi, kituo cha Gerezani, mama mmoja alikumbatia kiroba cha makaa ya vifuu. "Ya mishkaki hayo, dada?" mzee mmoja akamuuliza.

"Ya kuzika, mzee wangu. Oili ya gereji iliua bustani yangu. Ukiyasaga ukachanganya na udongo, yanashika sumu isiingie kwenye mimea."

"Watu hawana ya kupikia, wewe unazika!"

"Majirani wote wakikuna nazi wananiwekea vifuu. Mungu awabariki. Tuta la kwanza limeota mchicha tena."

"Umeula?"

"Bado, mpaka upimwe sumu."

"Basi hujui kitu."

"Najua umeota."

Basi likafika. Mzee akambebea kiroba.

"Asante, baba."

"Usinishukuru, sijakubali."