Hapa Hakuna Pepo, Kuna Mshono

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu aliye hai. Apewe sifa Bwana aliyenipa tumbo dogo! Itikieni kwa nguvu, maana ushuhuda wangu wa leo si mtamu, na baadhi yenu mmo ndani yake. Nimekuja nimekasirika. Nilimwomba Bwana aniondolee hasira kabla sijasimama hapa, akaondoa sehemu kubwa, akaniachia ya kunitosha kusimulia. Basi nisimulie.

Wote mnaokaa Igawa mnakumbuka nilivyokuwa. Nilikuwa na hoteli kando ya barabara ya Zambia, kuta za matete na paa la bati, na mimi mwenyewe ndiye nilikuwa bango lake. Madereva wa malori waliniita Mama Tani. Katikati ya mabenchi nilipita kwa ubavu, na nilipocheka vikombe vilitikisika mezani. Hakuna aliyeona aibu! Mpishi mnene ni sifa ya chungu chake. Siku za gulio, mume wangu alitembea mbele yangu Chimala yote shingo juu, kwa kuwa kila kilo yangu ilitangaza kwamba nyumbani kwake watu wanakula.

Na nilikula, ndugu zangu! Kwa desturi yetu, anayemwandalia mgeni huonja kwanza mbele ya macho yake, ili mgeni ajue hakutiliwa kitu. Mama yangu kule Iringa alinilea hivyo, nami nikaileta desturi hiyo hotelini. Kila dereva aliyeketi, nilimega tonge kwenye sahani yake, nikachovya, nikameza, nikamwambia, "Kula, baba, safari ni ndefu." Hebu fikirini malori yanayopita hapa tangu asubuhi mpaka jua linapozama. Nilikula na kila mmoja wao.

Kisha maumivu yakaanza chini ya kifua, kama kaa lililosahaulika kwenye majivu. Nikila, linatulia. Chakula kikishuka, linawaka tena. Basi nikawa nalizima kwa ugali. Asubuhi moja nilikuwa nimepiga magoti napuliza moto, nikatapika damu juu ya mafiga. Dereva mmoja aliacha chai yake inafuka, akaita wenzake, wakanilaza juu ya turubai lililofunika shaba ya Zambia. Hivyo ndivyo nilivyopanda kwenda Iringa, nimelala juu ya shaba, natazama mawingu, nikimwambia Bwana kwamba watoto wangu bado wadogo.

Hospitalini wakaniambia vidonda vya tumbo vimetoboa. Daktari akakata sehemu kubwa ya tumbo, akashona iliyobaki. Nilipozinduka, muuguzi mmoja, msichana mwenye sauti ya upole, akaja kunieleza.

"Mama, tumbo lako sasa ni kama ngumi ya mtoto. Ukilijaza kama zamani litakuadhibu. Kula kidogo, kula mara nyingi, tafuna mpaka chakula kisahau kilikuwa nini. Usishushie maji. Na sukari uiogope, itakutetemesha."

Nikamwuliza, "Sista, na watu nitawaambiaje?"

Akacheka. "Waambie umeshiba."

Maskini binti yule! Hakujua mahali ninapotoka neno hilo linasikikaje. Mwanamke anayemega mara mbili tatu kisha akanawa mikono, kwetu hasemi kwamba ameshiba. Anasema mpishi ni mchawi, au yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Nikarudi Igawa. Nyama ya mwili ikanitoka kama nguo ya kuazima iliyorudishwa kwa mwenyewe. Gauni langu la kanisani likawa linanizunguka, mimi niko katikati natafuta pa kutokea. Madereva wakanipokea kwa mzaha: "Mama Tani, mzigo umeushusha wapi? Umekamatwa mpakani Tunduma?" Nikacheka nao. Lakini kuonja sikuweza tena. Ningeonja sahani ngapi kwa tumbo la ngumi ya mtoto? Mmoja akaisukuma sahani yake mbele yangu, akasema, "Mama, mbona leo huonji?" Nikamweleza habari ya kisu. Akanitazama mashavu, akatazama wali, akavuka barabara kwenda kula kwa jirani. Wengine wakamfuata.

Hilo ningelivumilia. Sikilizeni lililofuata.

Wifi yangu Selina, dada wa mume wangu, alishuka kutoka Iringa kuja kuniuguza. Mnamjua, ni kiongozi wa akina mama waombaji. Alikuja na sukari, ndugu zangu, wakati ule ambapo sukari ilikuwa haionekani dukani! Akapika uji wa ulezi, akaukoleza sukari mpaka ukanata kijikoni. "Kunywa, wifi yangu. Sukari hii nimeipangia foleni mpaka miguu ikavimba." Ungekataaje? Nikanywa. Haukupita muda, moyo ukaanza kwenda mbio, jasho likanitiririka, mikono ikatetemeka, nikaanguka palepale jikoni. Lilikuwa lilelile alilonionya muuguzi. Nikajaribu kusema, "Wifi, ni sukari..."

Wifi akapiga kelele mpaka majirani wakaja. "Mnaona? Uji huu niliuombea! Pepo ameuonja, amewaka!"

Tangu siku hiyo sikuwa tena mgonjwa. Nilikuwa nyumba ya pepo. Nikikonda, pepo. Nikitetemeka, pepo. Nikiukataa uji, pepo anauogopa uji ulioombewa. Wifi na waombaji wa hapa wakanizunguka, wakanipigia kelele masikioni, wakanikandamiza tumbo kwa mikono yao ili atoke. Na mshono ulikuwa bado mbichi! Nani aliwaambia, dada zangu, kwamba Roho Mtakatifu anahitaji kukandamiziwa kidonda cha mtu? Wakanifungisha kula, mimi niliyeambiwa nile kidogo kidogo kutwa nzima. Nikazidi kukonda. Na kukonda huko kukawa ushahidi wao mpya!

Kisha wakanitenga sahani. Watoto wangu wawili, Neema na mdogo wake Subira, wamekula nami katika sinia moja tangu walipoacha kunyonya. Wifi akachukua bakuli la bati, lile lenye ukingo wa buluu uliobanduka, akaliweka karibu na mlango. "Utakula hapo, wifi, mpaka Bwana akufungue. Watoto hawana kosa."

Nikamgeukia mume wangu. "Baba Neema, na wewe unasemaje?"

Akaangalia viatu vyake. "Ni kwa muda tu, Mama Neema. Vumilia."

Nikavumilia, nimekaa mlangoni kama mpita njia nyumbani kwangu. Subira akainuka na tonge lake mkononi, akanyoosha mkono anipe. Shangazi yake akaupiga mkono ule. Tonge likaanguka vumbini, kuku akalichukua. Ndugu zangu, waliokandamiza tumbo langu nimewasamehe. Kofi lile lililoangukia mkono wa Subira, niombeeni, bado nalipanda kama mlima.

Sikuuomba unene wangu tena. Sikuomba madereva warudi. Kila asubuhi nilimwomba Bwana jambo moja: "Nirudishe mkono wangu katika sinia la wanangu."

Siku ikafika. Wifi akatangaza sherehe ya shukrani kwenye uwanja wetu. Shukrani ya nini, mimi sijui, lakini ng'ombe alinunuliwa bondeni kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini, na mchele wa Usangu ukapikwa kwenye masufuria makubwa. Mlikuja wengi, wa Igawa na wa Chimala, hata madereva. Mama mkwe wangu naye akashuka kutoka Iringa kwa basi, analalamikia vumbi. Wifi akasimama katikati, akaniwekea mbele yangu sahani ya wali uliopandana kama kilima, vipande vya nyama kileleni, akawaambia watu, "Leo wifi yangu atakula mbele ya macho yenu. Akimaliza sahani hii, mjue amefunguliwa, na leo hii atarudi kula na wanawe. Asipomaliza, mjue bado yumo." Na wewe mwinjilisti, nakupenda katika Bwana, lakini uliitikia amina.

Nikaitazama sahani ile. Nikimaliza, nitaanguka mbele yao natapika na kutetemeka, nao watasema pepo. Nisipomaliza, pepo. Wali ule haukuwa na mlango wa kutokea. Nikaomba kimoyomoyo, "Bwana, tumbo hili wewe mwenyewe ulilipita, kwa mkono wa daktari. Lisemee."

Nikamega tonge. Nikatafuna, nikatafuna, kama nilivyofundishwa. Nyuma kule mtu akasema, "Sasa huyu anatafuna au anasali?" Watu wakacheka. Nikamega tena. Nikamega la tatu. Nikasikia tumbo langu likiniambia basi. Nikanawa mikono.

"Nimeshiba," nikasema. "Bwana asifiwe."

"Bado yumo!" Wifi akapaza sauti, na wanawake wakainuka kuja kunishika.

Hapo hasira ikanijia. Haikuwa ya pepo, ilikuwa yangu mwenyewe, niliyoilea pale mlangoni siku zote zile. Nikafungua khanga, nikapandisha blauzi mpaka chini ya matiti, mbele ya mwinjilisti, mbele ya madereva, mbele yenu nyote. Mkaliona kovu, refu, jeusi, linalong'aa, limeteremka kutoka kifuani mpaka kitovuni kama barabara mpya ya lami.

"Tazameni!" nikawaambia. "Mnatafuta nini humu? Hapa hakuna pepo, kuna mshono! Aliyeingia humu ni daktari, aliingia na kisu, akatoka ameniacha hai! Mkitaka kumkemea mtu, pandeni basi mkamkemee yeye!"

Kina mama wakawafunika watoto macho. Mwinjilisti akageukia ukuta. Nilisimama pale tumbo wazi, na hakuna aliyesogea.

Aliyesogea ni mama mkwe.

Nanyi mnamjua mama yule. Hasifiki kwa maombi, anasifika kwa kula. Akajivuta kutoka kwenye mkeka wake, anaguna, akaja mpaka kwenye sahani yangu, akaketi, akakunja mkono wa gauni.

"Mmemaliza kelele zenu? Nyama inapoa."

Akatia mkono katika mabaki yangu.

"Mama!" Wifi akashtuka. "Hayo ni mabaki yake!"

"Nayaona. Nami nina njaa tangu basi la asubuhi." Akatafuna, akatafakari, akalamba kidole. "Na kama ni pepo ndiye kawashauri wapishi, basi pepo huyu anajua kipimo cha chumvi. Mama Neema, funga nguo, mwanangu, utapata baridi. Neema! Subira! Mnangoja niimalize peke yangu?"

Ndugu zangu, kwetu mtu hali mabaki ya anayemwogopa. Hayo kila mmoja wenu pale uwanjani aliyajua. Yule bibi hakuhubiri, hakunena kwa lugha, hakufunga hata siku moja. Alikula tu, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na kila tonge alilomeza lilivunja uongo mmoja. Watoto wangu wakaja mbio, wakaketi. Subira akanitazama nimesimama, akanivuta kwa vidole. "Mama, mkono wako." Akauchukua, akauweka sahanini.

Huo ndio ukombozi wangu! Radi haikupiga. Bwana alimtuma bibi mwenye njaa.

Mkitaka kujua kilichofuata, wifi aliondoka na basi la kesho yake. Wifi, najua leo umerudi, umekaa pale karibu na dirisha. Sijasikia neno nisamehe kutoka kinywani mwako, lakini nimekutengea nafasi kwenye sinia langu, siku ukija usikae mlangoni. Mume wangu alilichukua lile bakuli la buluu, akalijaza maji, akawawekea kuku. Nikajua ndivyo anavyotubu, nikaipokea toba hiyo nusu. Nusu nyingine namngojea aitamke. Mama mkwe hakurudi tena Iringa. Yuko hotelini kwangu, anaonja sahani ya kila dereva, na madereva wamevuka barabara kurudi. Sasa Mama Tani ni yeye.

Basi wewe uliyekaa hapa umekonda, au umekatwa, au mwili wako haufanani tena na jina ulilopewa na watu, usingoje unenepe ndipo umshukuru Mungu. Na wakikutengea bakuli lako mlangoni, usiamini kwamba ni Bwana aliyeliweka pale. Mtegemee yeye! Anaijua njia ya tumbo lako, amekwisha kuipita. Mwamini leo, na hiyo hasira yako mpelekee, hataikimbia.

Namshukuru Mungu kwa daktari, kwa dereva aliyeacha chai yake, kwa mama mkwe na njaa yake. Jana jioni tulikula, sote watano, sinia moja. Mimi matonge matatu, nikashiba. Lakini mkono sikuutoa. Siku hizi siutoi tena. Naulaza ukingoni mwa sinia, pale watoto wanapouona, mpaka wa mwisho ashibe.

Anayetaka kuutoa, na aje. Bwana apewe sifa!